Je, Afuataye ni Mdogo Kuliko Aongozaye?

Watu wengi hudhani ya kuwa wawili wafanyapo kazi moja, hapana budi mmoja awe mkubwa na wa pili mdogo. Twataka kulipima neno hili kwa habari za ndugu wawili wa Marekani, Yehudi Menuhin, mpiga fidla, na umbu lake Hephzibah, mpiga piano.

Yehudi alizaliwa mwaka 1916, Hephzibah mwaka 1920. Mwaka 1933 walitia katika sahani ya santuri sonata moja ya Mozart, iliyotungwa mwaka 1787. Na mwaka 1934 wakapiga pamoja mbele ya watu mjini Paris. Kaka alikuwa amekwisha kujulikana sana, kwa hiyo wengi walimhesabu umbu lake kuwa msaidizi tu.

Lakini tukiutazama muziki wenyewe, hesabu hiyo haisimami. Zamani za Mozart sonata za namna hii ziliandikwa jina la kinanda kwanza, na fidla ikahesabiwa kuwa msindikizaji wake. Tena katika kupiga, mara fidla hushika sauti kuu, na piano huiwekea msingi; mara piano huishika, na fidla hunyamaza, au hupigwa polepole ili mwenziwe asikike. Afuataye sasa ataongoza punde. Wala kufuata si kazi nyepesi: kwataka sikio lijualo pumzi ya mwenzake kabla upinde haujagusa uzi. Asiyesikiliza huharibu, ajapokuwa na vidole vyepesi.

Basi kumpisha mwenzio si unyonge, bali ni nguvu. Walakini tusifanye haraka kuwasifu wote wanyamazao, maana kuna kunyamaza kwa namna mbili. Mozart naye alikuwa na umbu, Maria Anna, aliyezaliwa mwaka 1751, miaka minne na nusu kabla yake. Walipokuwa watoto baba yao aliwapeleka katika miji mikubwa ya Ulaya, wakapiga vinanda, wakasifiwa wote wawili. Hata mwisho wa mwaka 1769 baba akaenda Italia na mwanawe wa kiume. Binti akaachwa Salzburg pamoja na mama yake. Safari zile hazikuwa zake tena.

Anyamazaye kwa zamu hungoja zamu yake, nayo huja. Anyamazishwaye hangoji kitu. Yule wa kwanza ana adabu. Huyu wa pili amenyimwa haki, ajapokuwa halalamiki. Nasi tukiusifu unyenyekevu wa mtu tuliyemnyima nafasi, twaivika dhuluma yetu nguo nzuri.

Hephzibah aliolewa mwaka 1938, akahamia Australia. Lakini hata baada ya miaka mingi ndugu hao waliketi tena kupiga pamoja. Basi kila mtu aliye na mwenziwe katika kazi, nyumbani au shambani, na asijiulize tu, Nani mkubwa? Na ajiulize, Je, zamu yake nimempa?