Aliyehesabu na Aliyetazama

Wako watu katika nchi za ng'ambo wanaozunguka bustani za wanyama, daftari mkononi, wakishindana kuona aina nyingi iwezekanavyo za wanyama wenye mfuko, yaani kangaruu na jamaa zake. Bara letu halina wanyama hao porini, lakini pupa ya kuhesabu tunayo. Je, anayehesabu viumbe huwa amewajua?

Swali hili lilinijia Entebbe. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa Kasubi kwenye bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1952, nikaahidi zawadi kwa atakayeandika majina mengi. Wakatawanyika mbio. Mshindi aliandika majina 31. Nilipomwuliza korongo-nyangumi alikuwa akifanya nini, hakuwa na jibu. Binti mmoja alirudi na jina moja tu: mbega, ambaye alimkuta huru mtini, nje ya vizimba. Akasema, "Mwalimu, kwetu huyu ni ngeye, muziro wa ukoo wetu. Hatumli wala hatumdhuru." Zawadi nilikuwa nimekwisha kuitoa. Nilirudi nyumbani nimefadhaika.

Hapa Kasubi, penye makaburi ya wafalme wa Buganda, dari ya nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ina pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Waganda. Hiyo nayo ni hesabu. Lakini koo nyingi hujulikana kwa jina la kiumbe, na jina huja pamoja na wajibu. Watu wa ukoo wa Ngeye, kwa mfano, ndio waezekaji wa nyumba hiyo. Ilipoteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, hesabu ya pete peke yake isingaliirudisha. Walihitajika watu wanaoijua kazi yao na kuiona kuwa ni deni.

Huenda msomaji akauliza: tusipohesabu, tutajuaje ni kiumbe kipi kinachopungua? Ni kweli, na hesabu siipingi. Lakini na tumkumbuke mnyama mmoja mwenye mfuko wa kisiwa cha Tasmania, aliyefanana na mbwa mwenye milia mgongoni. Serikali ya huko ilimhifadhi kwa sheria mwezi Julai 1936. Wa mwisho aliyejulikana akafa katika bustani ya Hobart tarehe 7 Septemba mwaka huo huo. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kumwona. Wahenga walisema macho hayana pazia: kutazama hakumgharimu mtu kitu, na kuonwa hakukumwokoa mnyama yule.

Basi kuhesabu ni mlango wa maarifa, wala si nyumba yenyewe. Nasi walimu wa lugha tuna kosa hilo hilo: humtuza mwanafunzi aliyekariri methali hamsini, tukampita yule anayeishi kwa moja. Safari ijayo ya Entebbe sitaahidi zawadi. Nitamwomba kila mwanafunzi achague kiumbe mmoja, amtazame kwa saa nzima, kisha aandike ana wajibu gani kwake. Nami nitaandika pamoja nao.