Sadaka ya Maafa na Dhamana ya Mtoaji

Anayewachangia waathirika wa maafa ni nadra kumfikia mhitaji kwa mkono wake. Fedha zinazotolewa baada ya tetemeko au mafuriko hupita kwanza kwa mtu wa kati: shirika, kamati ya mkoa, msikiti, parokia, au namba ya simu iliyosambazwa na watu wasiojulikana. Ikiwa mtu huyo wa kati atazila, je, mtoaji ameshatimiza wajibu wake kwa kuwa nia yake ilikuwa safi, au bado anadaiwa?

Wanaosema nia inatosha wana pa kusimamia. Bukhari amepokea hadithi ya mtu aliyetoa sadaka usiku mara tatu, na kila mara, pasipo kujua, ikamwangukia asiyetarajiwa: mwizi, kisha mzinifu, kisha tajiri. Akaelezwa kwamba haikupotea, kwani huenda mwizi akaacha kuiba, mzinifu akajizuia, na tajiri akazinduka naye akatoa. Hadithi hii ni faraja kubwa kwa aliyekosea. Hata hivyo, mtu yule alikusudia kufikisha, akatoa mwenyewe, akakosea. Yuko mbali na anayetuma fedha bila kujali zitaishia wapi.

Fiqhi ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, inaliingia suala hili kwa undani zaidi inapozungumzia zaka. Mwenye mali akimkabidhi zaka kiongozi halali au mkusanyaji aliyewekwa naye, wajibu umemwondoka, kwa sababu mkusanyaji huyo anapokea kwa niaba ya maskini. Akimkabidhi wakala aliyemchagua mwenyewe, wajibu hauondoki mpaka mali imfikie anayestahiki. Ikipotea njiani, imepotea mikononi mwa mtoaji. Sadaka ya hiari haina ukali huo wa sheria, lakini mantiki ya kanuni hiyo ya zaka inafaa kuzingatiwa: anayemchagua mpokeaji anabeba uzito wa uchaguzi wake.

Mpokeaji naye hajaachwa bila kuhojiwa. Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alirudi Madina na mafungu mawili, moja la umma na jingine akidai amezawadiwa yeye. Mtume Muhammad alimkemea na kuuliza kama zawadi hizo zingemfikia lau angekaa tu nyumbani kwa wazazi wake. Cheo ndicho kilichozileta, basi hazikuwa zake.

Wakristo wa mwanzo nao walikutana na jambo hili mapema. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza jinsi waumini wa Antiokia walivyowachangia ndugu wa Uyahudi kwa ajili ya njaa ya wakati wa Kaisari Klaudio, wakaupeleka msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Miaka kadhaa baadaye Sauli huyo, ambaye sasa aliitwa Paulo, alipokusanya mchango mwingine kwa ajili ya Yerusalemu, hakutaka kuusimamia peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anawatuma Tito na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu anayoitoa ni kwamba hataki lawama juu ya mali nyingi kiasi hicho. Anajali kuonekana mwaminifu mbele ya watu pia, si mbele ya Bwana peke yake. Paulo, mtume mwenye heshima yake, hakuona aibu kukaguliwa. Katika Mishna, Wayahudi waliagiza mfuko wa maskini ukusanywe na watu wawili na ugawiwe na watatu, maana kugawa ni kuamua nani anastahili nini, na hiyo ni hukumu.

Mafundisho ya kutoa kwa siri hayapingani na hayo. Siri inamlinda mtoaji asijionyeshe. Mtunza hazina hana haki ya kujificha nyuma yake.

Mkoa wa Kagera, Tanzania, unaonyesha jinsi maswali haya yanavyouma. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu zaidi ya 15, likabomoa maelfu ya nyumba Bukoba na vijiji vya jirani, na michango ikamiminika. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwaondoa maofisa wawili kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Januari 2017 alipozuru mkoa huo, aliwaeleza wananchi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma. Shule iliyoanguka inahitaji kujengwa, hakuna ubishi. Lakini aliyechanga kwa kumfikiria mama aliyelala nje ana haki ya kuambiwa mapema kwamba fedha zake zitakwenda shuleni. Katika sheria ya wakfu, sharti la mweka wakfu huheshimiwa na halibadilishwi kwa urahisi. Mchango wa maafa unastahili heshima iyo hiyo: chombo cha kuaminika hutamka kusudi kabla ya kupokea, na kikilazimika kulibadili hurudi kwa waliotoa.

Mfano bora wa uaminifu huo ulitolewa na Madaktari Wasio na Mipaka. Siku chache baada ya tsunami ya Desemba 2004, walitangaza kwamba fedha walizopokea kwa ajili ya maafa hayo zinatosha kwa kazi waliyoweza kuifanya, wakawaomba wachangiaji ruhusa ya kuzipeleka kwenye dharura nyingine. Shirika linaloweza kusema imetosha linastahili kuaminiwa zaidi ya lile linalojisifu kwamba halina gharama za uendeshaji. Gharama hizo si dhambi: Qurani yenyewe, katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba, inawapa fungu wanaoitumikia zaka. La kuuliza ni kazi gani imefanyika. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500, na mwaka 2015 uchunguzi wa waandishi wa habari ukabaini kwamba nyumba za kudumu ulizokuwa umejenga ni sita. Jina kubwa halikujibu swali hilo.

Basi anayechunguza hutazama kama chombo kilikuwepo mahali hapo kabla ya maafa, kama zaidi ya mtu mmoja anatia saini, kama hesabu zake zinasomwa na wengine. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2002 inayataka mashirika yasiyo ya kiserikali kutoa taarifa ya kazi zake kila mwaka; lisiloweza kuionyesha limekwisha kujibu.

Uchunguzi nao una mpaka. Aliyefukiwa na kifusi hasubiri ripoti ya mkaguzi, na shaka ikigeuka kuwa sababu ya kutotoa kabisa, anayeumia ni yule yule aliyeibiwa na mtunza fedha. Shaka inaruhusu kubadili njia: kumpa jirani anayejulikana, kugawa mchango sehemu mbili, au kuuweka mpaka mwezi wa sita baada ya maafa, wakati kamera zimeondoka na nyumba bado hazijaezekwa.