Magunia Arobaini

Kabla sijawa katekista nilikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Moba, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa viwili, daftari na kalamu. Wapagazi walipita juu ya ubao, kila mmoja na gunia la mahindi begani, nami kwa kila gunia nilipiga mstari. Minne ikisimama, wa tano naulaza kufunga fungu. Jioni moja ya mwezi wa saba, boti ikijiandaa kwenda Kalemie, hesabu yangu ilifika magunia 220. Mwenye boti alitazama daftari, akaniambia kwa upole kabisa, "Karani, andika 180." Nikaandika 180.

Usiku ule upepo wa kusini ulitukuta katikati ya njia. Boti ililala upande mmoja ikachelewa kuinuka, na kila ilipochelewa mimi nilijua sababu yake na idadi yake. Wanaume walichota maji kwa ndoo na sufuria. Mama mmoja alianzisha Rozari, wote tukaitikia. Alfajiri tuliziona taa za Kalemie. Jumapili iliyofuata tulitoa sadaka ya shukrani, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote. Hakuna aliyeuliza habari ya magunia arobaini. Nani angeuliza? Tulikuwa tumefika.

Swali linalonisumbua tangu siku zile ni hili: aliyefika salama anadaiwa nini na watakaosafiri baada yake? Na kwa wale wasiofika, je, ni ibada kusema "ni mapenzi ya Mungu" kisha tukanyamaza?

Mzigo wa Moba mara nyingi hauishii Kalemie. Hupanda treni, ukafuata reli iliyofika ziwani mwaka 1915, enzi za Wabelgiji, mji ule ulipoitwa Albertville na Moba yetu ikiitwa Baudouinville. Mjomba wangu alikuwa fundi wa njia, na nilipokuwa mtoto wa shule nilimfuata wakati wa likizo. Siku moja tulikuta behewa limelala ubavu, mihogo imemwagika, watu wamelizunguka wakipiga kelele. Mjomba hakulitazama. Alianza kutembea kurudi nyuma katikati ya reli, ameinama, akihesabu mataruma kwa sauti. Alipopita la sitini alipiga magoti, akapangusa chuma kwa kiganja, akaniita. Juu ya reli kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, mrefu kama mkono wangu, ukianzia ukingo wa ndani na kukatiza hadi ukingo wa nje.

"Hapa ndipo gurudumu lilipopanda, mwanangu," aliniambia. "Pale wanapopiga kelele ndipo lilipochoka kutembea."

Kisha alichukua kipimo chake cha chuma, akakilaza kati ya reli mbili. Upana unaotakiwa ni milimita 1,067. Alipima taruma baada ya taruma, akizidi kurudi nyuma, mpaka mahali ambapo mvua ilikuwa imekula kokoto chini ya njia.

Nilichojifunza siku ile kimenitosha kwa maisha yote: ajali ina mahali pawili, pale inapoonekana na pale ilipoanza. Macho yetu hukimbilia pa kwanza. Anayefundishwa kuchunguza hufundishwa, kabla ya lolote, kurudi nyuma.

Tarehe 12 Septemba 2019, kabla ya mapambazuko, treni iliacha reli huko Mayibaridi, humu humu mkoani kwetu Tanganyika. Waziri alitangaza kwamba watu 50 wamekufa. Tuliwaombea kanisani Kirungu, mlimani juu ya bandari ya Moba, na tulipotoka nilisikia maneno matatu ambayo tunarithishana kwenye kila msiba. Mmoja alisema ajali haina kinga. Mwingine akasema siku zao zilikuwa zimefika. Wa tatu akapunguza sauti, akasema kuna mkono wa mtu.

Siwadharau waliosema hivyo. Neno la mapenzi ya Mungu limewashika wajane wengi wasianguke, nami mwenyewe nimelisema kando ya makaburi. Hata neno la mkono wa mtu lina fikra ndani yake. Mtaalamu Mwingereza, Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alieleza jinsi Wazande, ambao wengine wao ni ndugu zetu wa kaskazini mwa Kongo, walivyofikiri ghala la nafaka lilipowaangukia watu waliopumzika kivulini mwake. Walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini ghala liliwaangukia hawa, saa ile ile walipokaa chini yake.

Kwangu hayo ni maswali mawili, na kila moja lina mlango wake. "Kwa nini mwanangu?" ni swali la kilio. Hupelekwa mbele za Mungu, na hakuna mpima reli atakayelijibu. "Nguzo ililiwa na nini, na nani aliwaona mchwa?" ni swali la macho na mikono. Kosa letu ni kulipeleka swali la pili kwenye mlango wa kwanza. Tunamwachia Mungu kazi ya kukagua nguzo, kisha nguzo ikivunjika tunaiandika kwa jina lake. Hiyo si imani. Ni kumsingizia.

Injili ya Luka ina ajali ya namna hii. Mnara ulianguka Siloamu ukaua watu 18. Yesu aliwauliza waliomsikiliza kama hao waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageukia walio hai na kuwataka watubu. Nilifundisha sura hiyo miaka mingi kabla sijaona inaelekea wapi. Toba haikudaiwa kwa waliolala chini ya mawe. Ilidaiwa kwa waliobaki wamesimama, katika mji uliokuwa na minara mingine.

Sasa tazameni sisi tunavyofanya. Machi 2022, huko Buyofwe katika eneo la Lubudi, mkoani Lualaba, treni ya mizigo ilianguka, wakafa watu zaidi ya 60. Waliitwa wasafiri wa siri. Novemba 2017, katika eneo hilo hilo la Lubudi, treni ya mafuta ilianguka bondeni ikaua watu zaidi ya 30, na wao wakaitwa hivyo hivyo. Lakini ni siri gani, mama akipanda juu ya behewa na mtoto mgongoni na furushi mkononi, stesheni nzima ikimwona? Alipanda kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kufika. Jina hilo "wa siri" linamtwika marehemu kosa lote, na marehemu hajibu. Likishatamkwa, hakuna tena anayeona haja ya kurudi nyuma kuhesabu mataruma.

Kumtwika dereva mmoja nako kunafunga mlango ule ule. Tarehe 5 Oktoba 1999, treni mbili ziligongana Ladbroke Grove, jijini London, watu 31 wakafa. Dereva mmoja alikuwa amepita taa nyekundu. Alikufa naye, wiki chache tu baada ya kumaliza mafunzo. Ingekuwa rahisi kumzika pamoja na lawama zake. Waliorudi nyuma waligundua kwamba taa ile ile, namba SN109, ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara nane katika miaka iliyotangulia. Mara nane, na mara zote hizo hakuna aliyekufa. Nikisoma habari hiyo nawaona watu wakirudi nyumbani jioni, wamefika salama kama sisi tulivyofika Kalemie. Kila mara ilikuwa huruma waliyopewa pamoja na muda wa kuuliza. Huruma waliipokea, muda ukapita bure. Baada ya maafa hayo Uingereza iliunda ofisi ya pekee ya kuchunguza ajali za reli, ikaanza kazi mwaka 2005. Haihukumu wala haigawi lawama. Kazi yake ni kujua na kusema.

Na kusema pekee hakutoshi, kama hakuna wa kulibeba neno. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh nchini Ireland, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili, imejaa watoto na wazazi, ilishindwa kupanda mlima. Waliikata vipande viwili, wakaweka mawe chini ya magurudumu ya mabehewa ya nyuma. Mawe hayakushika. Mabehewa yalirudi mteremkoni yakagonga treni iliyokuwa inakuja nyuma, watu 80 wakafa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya breki zinazoshika treni nzima, nazo zishike zenyewe ikikatika. Miaka 113 baadaye, tarehe 24 Juni 2002, ng'ambo ya ziwa letu, karibu na Msagali katika mkoa wa Dodoma, treni yenye abiria zaidi ya 1,200 ilishindwa mlima, ikarudi nyuma mteremkoni, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Somo la mlima na breki lilikuwa limeandikwa zamani. Lakini somo halivuki bahari lenyewe. Linahitaji watu waliofundishwa kulibeba stesheni kwa stesheni, breki kwa breki, na kulikumbusha kila mwaka hata pasipokuwa na msiba.

Wafundishwe nini? Kulinda mahali pa ajali kabla mabehewa hayajaondolewa. Kuchora, kupima, kuandika saa. Kumkalisha kila shahidi peke yake, kumpa maji, kumwambia "nieleze siku yako tangu ulipoamka," na kumwacha amalize. Kutotosheka na jibu la kwanza: dereva alisinzia, sawa, lakini alikuwa kazini tangu saa ngapi, nani alipaswa kumpokea, kwa nini hakuja? Mwisho, kuandika kinachotakiwa kubadilishwa, kwa ofisi gani na kabla ya siku gani, kisha kurudi siku hiyo kutazama. Wasifundishwe mainjinia peke yao. Afundishwe fundi wa njia, mkuu wa stesheni, hata mama anayeuza mihogo kando ya reli, maana yeye huyaona mabehewa yote yakipita na husikia lile linalolia vibaya.

Sisi Wakatoliki tuna mafunzo yanayokaribiana na hayo. Mtoto anayejiandaa kwa kitubio hufundishwa kwanza uchunguzi wa dhamiri, kisha kujuta, kuungama, kukusudia kutorudia, na malipizi. Kwa njia hiyo nilifikiri nitayamaliza magunia yangu. Miaka kadhaa baada ya safari ile niliungama. Padri alinisikiliza, akanipa ondoleo, kisha akasema, "Dhambi yako imeondolewa. Lakini boti bado inasafiri."

Nilitoka na neno hilo kama jiwe kiatuni. Yeye hakuweza kumwambia mtu, siri ya kitubio inamfunga. Mwenye boti asingesema. Aliyeijua hesabu ya kweli na kuwa huru kuisema nilikuwa mimi.

Ndipo nilipoelewa tunachokosa. Kwenye kitubio, jina na kosa vyote hufunikwa. Mahakamani, vyote hufunuliwa, na kwa hofu hiyo watu huandika 180. Uchunguzi wa ajali unataka mlango wa tatu: jina lifichwe, kosa litangazwe. Najua anayefiwa hataridhika haraka na maneno haya. Anataka mtu alipe, na ana haki ya kudai. Aliyejua hatari akaiuza kwa fedha ana mlango wake kwa hakimu, na asifichwe. Lakini karani, fundi na dereva waliokosa kama binadamu anavyokosa ndio walioushika ukweli ambao sisi wengine hatuna. Tukiwatisha tutampata mfungwa mmoja na kuipoteza njia nzima. Desemba 2014 meli Mutambala, iliyobebeshwa kupita kiasi, ilizama katika ziwa hili, wakafa watu zaidi ya 100. Sijui kama upande wa mizigo kulikuwa na karani kama mimi. Najua ningekuwa mimi, ningeogopa kusema.

Mwishowe nilishuka kutoka Kirungu hadi bandarini, nikamkuta karani kijana amekaa juu ya kreti, daftari mapajani. Nilimweleza yote, 220 na 180, upepo, Rozari, sadaka ya shukrani. Alinisikiliza bila kuacha kupiga mistari. Nilipomaliza aliniuliza, "Mwalimu, mimi nikiandika ukweli, nani atasimama nami?"

Hilo ndilo swali ambalo nchi yangu inapaswa kulijibu, bandarini na relini, kwa sheria na kwa mafunzo. Mimi sina sheria. Nilivuta gunia nikakaa karibu naye mpaka mpagazi wa mwisho akapita. Akajumlisha, akaandika alichohesabu. Nikamwomba kalamu, na chini ya jina lake nikatia sahihi yangu.