Kubadili Gia ni Kubadili Mfumo
Mmiliki wa pikapu kuukuu anayeng'oa giaboksi ya otomatiki ili afunge ya manyuo, yaani ile ambayo dereva hupanga gia kwa mkono, hutambua upesi kwamba habadilishi kifaa kimoja. Anahitaji flaiwili, gurudumu zito linalotuliza mzunguko wa injini, na klachi, inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, pamoja na pedali yake, huku propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ikilazimika mara nyingi kukatwa au kurefushwa. Vivyo hivyo, anayekusudia leo kurekebisha jambo moja nyumbani au kazini na apime kwanza yote yanayoshikamana nalo, ndipo afungue nati ya kwanza.