Deni la Medupi

Waraka wa sera wa serikali ya Afrika Kusini wa mwaka 1998 ulionya waziwazi: mitambo mipya isipojengwa, akiba ya umeme itakwisha ifikapo 2007. Onyo halikufanyiwa kazi kwa wakati. Mwanzoni mwa 2008 taa zikazimika, migodi ya dhahabu ikasimama, na Medupi, kituo cha makaa ya mawe cha megawati 4,764 kilichokuwa ndiyo kwanza kimeanza kujengwa karibu na Lephalale, mkoani Limpopo, kikageuka kuwa tegemeo la taifa zima. Serikali iliyobanwa na giza haikuwa tena na subira ya kuuliza maswali.

Aprili 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.75, sehemu kubwa ikiwa ya Medupi. Marekani na Uingereza zilijizuia kupiga kura, mkopo ukapita.

Mabishano ya siku zile yalihusu moshi, na yalistahili. Ila kidonda kingine kilikuwa ndani ya mkataba wa maboila. Hitachi, iliyoupata, ilikuwa imeiuzia Chancellor House asilimia 25 ya tawi lake la Afrika Kusini. Nayo Chancellor House ni kampuni iliyokuwa ikichuma fedha kwa ajili ya chama tawala, ANC. Chama kikawa upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji. Nani basi angemkaripia mkandarasi? Mwaka 2015 Hitachi ilikubali kulipa dola milioni 19 kumaliza shauri kuhusu ubia huo lililofunguliwa na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, bila kukiri wala kukana kosa.

Na kazi yenyewe? Mabomba ya boila hubeba mvuke wenye shinikizo kali, kwa hiyo viungo vyake vingi vikishachomelewa lazima vipashwe moto tena na kupozwa kwa kipimo, chuma kisije kikapasuka. Maelfu ya viungo vya Medupi vilikutwa havikutimiza masharti hayo. Ikabidi virekebishwe, miaka ikienda na riba ikienda nayo.

Kituo kilikamilika tarehe 31 Julai 2021. Yapata wiki moja baadaye, mafundi waliokuwa wakitafuta uvujaji katika jenereta ya mtambo namba 4 waliingiza hewa kabla gesi ya haidrojeni haijaondolewa yote. Jenereta ikalipuka. Hakuna aliyekufa, lakini mtambo ule haukurudi kazini hadi 2025.

Wadai hawakungoja matengenezo. Mwaka 2023 Hazina ya Afrika Kusini ilitangaza kubeba randi bilioni 254 za deni la Eskom, shirika la umeme la taifa linalomiliki Medupi, na sehemu kubwa ya mzigo huo sasa iko kwa mlipakodi. Wabunge wetu wakiletewa mkopo wa mtambo wa umeme, kabla ya kuuliza megawati ngapi, wadai orodha ya wenye hisa katika kampuni ya mkandarasi, na waisome hadharani.