Rangi za Miadi na Haki za Watu

Ndugu yetu mmoja, kijana wa Mombasa afanyaye kazi Nyakoe, katika barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Kisumu, ameliletea darasa letu suala ambalo kwa sura yake ni dogo, na baadhi yetu walipolisikia walicheka. Yeye huandika miadi yake yote katika kalenda ya simu, na kila namna ya miadi ameipa rangi yake: ya kazi nyekundu, ya biashara yake ya ndizi manjano, ya masomo na ibada kijani, na ya kutembeleana na watu kijivu. Siku moja mwenyeji wake wa huko, Mgusii aliyempangisha nyumba na kumfanyia wema mwingi, aliona katika simu ile kikao cha mipango ya maziko ya babake kimeandikwa kwa kijivu, na ubavuni mwake, saa iyo hiyo, mkutano wa kazi kwa wekundu. Hakusema neno. Lakini tangu siku ile salamu zake zimepungua. Kijana atuuliza: je, nimemdhulumu mtu huyu kwa rangi?

Twaanza na wale waliocheka. Wao wasema rangi ni pambo, na pambo halina hukumu. Neno hili si sawa, na watu wa pwani ndio wasiostahili kulisema. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliipamba misahafu yao kwa nyekundu na manjano pamoja na wino mweusi. Katika vitabu vingi vya sharhi vilivyoandikwa kwa mkono, maneno ya matini hutiwa wino mwekundu na maneno ya mfasiri mweusi, na mwanafunzi asiyejua jambo hilo humtwika mwandishi wa kwanza maneno asiyoyasema. Na leo watoto wetu vyuoni wasoma katika misahafu ya tajwidi, ambamo herufi hutiwa rangi kwa jinsi ya kusomwa kwake, na ile isiyotamkwa hutiwa kijivu. Basi rangi yasema. Lililobaki kuulizwa ni kwamba yasema nini.

Na hapa ndipo twaona mzizi wa jambo lote. Wino mwekundu wa matini haukuwa na maana kwamba maneno yale yasomwe upesi, wala kwamba mfasiri ni mtu duni. Maana yake ilikuwa kwamba haya ni ya fulani na yale ni ya fulani. Hiyo ni rangi ya aina. Kuna na rangi nyingine, nayo ni rangi ya daraja, kama taa nyekundu ya barabarani, ambayo haikuelezi kitu ni cha aina gani bali yakuamrisha. Kijana wetu alianza na ya kwanza akaishia na ya pili, wala hakujua ni lini alivuka. Alitaka tu kutenga kazi na matembezi. Lakini jicho la mwanadamu halikai bure: nyekundu huliita na kijivu hulilaza, na mtu afunguapo simu alfajiri ilhali usingizi haujamtoka, jicho huwa limekwisha kuhukumu kabla ya akili kuamka. Baada ya mwezi mmoja au miwili, kila kilicho chekundu hakiguswi, na kila cha kijivu chaweza kungoja.

Kalenda ya Google, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2006, humpa mtu rangi 11 za kuchagua kwa kila miadi, na kila moja ina jina lake kwa Kiingereza: nyekundu ni ya nyanya, manjano ni ya ndizi, nyingine ya zabibu, nyingine ya tausi. (Twadhani ndizi imepata heshima yake Kisii bila ya msaada wa kampuni yoyote.) Hakuna katika majina hayo hata moja lenye maana ya haki, au deni, au dharura. Kampuni imetoa sokoni nyanya na ndizi. Madaraja tumeyatia sisi wenyewe.

Sasa na tutazame madaraja hayo yalivyo. Dwight Eisenhower, alipokuwa rais wa Marekani, alitaja katika hotuba yake ya mwaka 1954 tofauti baina ya mambo ya haraka na mambo yaliyo muhimu, akasema kuwa amelichukua neno hilo kwa mkuu mmoja wa chuo. Tangu hapo watu wa maofisini wamelifanya kama uvumbuzi mpya. Walakini wanavyuoni wa usuli walikuwa wamekwisha kulitenga jambo hili karne nyingi nyuma, tena kwa uzuri zaidi, waliposema kuwa kuna wajibu wenye wakati mpana na wajibu wenye wakati finyu. Sala ya adhuhuri ina wakati mpana. Waweza kuisali mwanzo wake au katikati. Lakini saumu ya Ramadhani yaijaza siku yote, haina nafasi ya kuchezewa. Na ule mpana wenyewe huwa finyu ukingojewa sana.

Uzuri wa kauli hii ni kuwa ufinyu wa wakati haukufanywa kipimo cha ukubwa wa jambo. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 1262, asema kwamba kumwokoa anayezama hutangulizwa kabla ya sala. Je, kuna Muislamu atakayesema kuwa sala ni ndogo? Hapana. Sababu ni kuwa sala yaweza kulipwa baada ya yule mtu kutolewa majini, na aliyekwisha kuzama halipwi. Mwenye kutanguliza hapo hakulidharau lililobaki nyuma, bali alitazama lipi lina nafasi ya kurudi.

Kwa kipimo hiki kikao cha maziko kilikuwa na wakati finyu kuliko vyote vya siku ile. Maziko hayarudiwi, wala mfiwa hawi mfiwa wa babake mara mbili. Mkutano wa kazi, kwa alivyotueleza kijana, ulikuwa wa kila Alkhamisi. Hatusemi kazi ni jambo dogo. Ajira ni mkataba, na mwajiri ana haki yake. Twasema kuwa rangi ya aina haikuweza kumwonyesha kijana jambo hili, kwa sababu aliuweka mkutano wa kila wiki katika wekundu sawa na siku ambayo kutokwenda kwake kungemwachisha kazi, na akauweka msiba katika kijivu sawa na mazungumzo ya kahawa.

Kuna jambo la pili, na kwetu sisi ni zito zaidi. Ahadi ni deni, na deni lina mwenyewe. Mwenye kudai shilingi 50 ni mdai kama mwenye kudai 50,000. Katika sharia, aliyefilisika hugawiwa mali yake kwa wadai wote, kila mmoja kwa kiasi cha deni lake. Hapewi mmoja yote kwa kuwa amependeza machoni, na mwingine akaambiwa arudi kesho. Sote kwa habari ya wakati tu watu waliofilisika: saa ni 24, na tuliowaahidi ni wengi. Lakini saa haigawiki kama fedha. Wawili wakikutana katika saa moja, mmoja hukosa. Basi haki ya yule anayekosa ni nini? Twaona ni hii: aambiwe mapema, aombwe radhi, na apewe wakati mwingine ulio wa kweli. Rangi huizika haki hii. Uamuzi huwa umekwisha kupita siku ile mtu alipotiwa kijivu, naye hakuambiwa. Akija kuachwa huambiwa kuwa dharura imetokea. Dharura gani, na ilhali ilikwisha kupangwa tangu mwaka jana?

Mtu atatujibu: kila mwenye akili hupanga watu wake kwa daraja, mama si sawa na jirani, na jirani si sawa na mpita njia. Ni kweli, na asiyepanga hivyo atawadhulumu walio karibu naye. Lakini daraja hiyo ni ya haki, nayo hutazamwa kwa kila tukio. Siku ambayo mpita njia amevunjika mguu mlangoni pako, yeye ndiye wa kwanza, na mama mwenyewe atakuhimiza utoke. Kupanga tusikokubali ni kule kunakofunga hukumu kabla ya tukio, khasa kukifuata malipo: chenye mshahara chekundu, chenye faida manjano, na wasiotupa kitu wote kijivu.

Kuna na jambo ambalo watu wa pwani hawana budi kulikumbuka wanapoandika miadi katika vyombo hivi. Siku yetu huanza jua likichwa. Mtu akikualika usiku wa Ijumaa, amekusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, na mashine, ambayo siku yake huanza saa sita za usiku, itakupeleka usiku wa pili yake, ukute mkeka umekwisha kukunjwa. Na jua lenyewe hufika Kisii nyuma ya Mombasa kwa kiasi cha dakika 20, ingawa saa za ukutani ni moja nchi nzima. Aliyechukua ratiba ya sala ya Mombasa akaifuata Nyakoe, katika Ramadhani atafuturu jua lingalipo.

Kwa hivyo rai yetu ni kuwa kijana asizifute rangi zake, bali azibadilishe kazi. Aina ya jambo iandikwe kwa maneno, kwani maneno yatosha. Rangi iwekwe kwa ufinyu wa wakati, nayo ipangwe upya kila wiki. Na atakapoona mawili yamegongana, asiliache jicho limwamulie, bali ampigie simu mmoja wa wale wawili siku hiyo hiyo.

Ama kuhusu mwenyeji wake, darasa letu halikuafikiana. Wako waliosema kuwa mzee yule ndiye aliyekosa, kwa kuichungulia simu isiyo yake, na kuwa lililofichika moyoni halidaiwi mpaka lizae kitendo. Wengine walisema kitendo kilikwisha kuzaliwa, maana kijana alikwenda mkutanoni, na kwenye kikao alifika watu wakiwa wanatoka. Sisi twaelekea kauli hii ya pili. Maziko yenyewe yalikuwa bado siku 4 kijana alipotuandikia. Tulimjibu kwa simu bila ya kungoja gazeti hili, tukamwambia aende nyumbani kwa mzee yule kabla ya siku hiyo, aombe radhi kwa kuchelewa kwake, na aulize ni kazi gani haijapata mtu.