Haki ya Mwili na Wajibu wa Mji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kuturuzuku, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi, leo twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi hulichekea barazani, wala hawalihesabu kuwa ni la dini, nalo ni unene uliopita kiasi.

Mtu akirudi safari amenenepa, huambiwa, "Mashaallah, umenawiri." Akirudi amekonda, huulizwa ni maradhi gani yaliyompata. Mke akiwa mwembamba, mumewe hutazamwa kwa jicho la lawama kana kwamba hamlishi. Hivyo ndivyo tulivyoufanya unene kuwa ushahidi wa neema na wa ndoa njema. Twafahamu ulikotoka mtazamo huu, kwani wazee wetu waliijua njaa. Lakini wazee hao walitembea kwa miguu, wakavuta majarife, wakalima, na mama zetu wakatwanga na kuteka maji. Sisi tumebaki na sinia zao, na kazi zao tumeziacha.

Tazama siku yetu moja. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye sukari tele. Saa nne ni kachori au viazi karai. Adhuhuri ni wali wa nazi, alasiri kahawa na halua, usiku chapati. Baina ya hayo mwenye duka hukaa kitini tangu asubuhi mpaka Isha, na mwenye kutoka Shela kwenda sokoni huita tuktuk kwa mwendo wa dakika chache. Tena iko soda, ambayo chupa yake ndogo ya mililita 300 aghlabu huwa na sukari kadiri ya vijiko 8 vya chai. Ni nani kati yetu angetia vijiko 8 katika kikombe kimoja mbele ya watu?

Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49, kadiri ya 45 uzito wao umepita kiasi. Kwa wanaume wa umri huo walikuwa 19. Kipimo chenyewe si kigumu: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jawabu ikifika 25, uzito umezidi. Ikifika 30, huo ni unene ambao waganga wauhesabu kuwa ni maradhi. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufika hapo akiwa na kilo 77. Na nyuma ya unene huja presha, na kisukari, na maradhi ya moyo, na magoti yasiyoweza kusujudu. Wangapi misikitini mwetu leo huswali juu ya viti!

Dini yetu haikunyamaza. Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tumekatazwa israfu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea al-Tirmidhi, ameligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji, na la pumzi. Na hayo ni kwa yule asiyeridhika na matonge machache ya kumsimamisha.

Lakini tusiseme kuwa kila mnene ni mlafi. Wako walionenepa kwa dawa wanazotumia, au kwa maradhi, au kwa kurithi maumbile ya wazazi. Amepokea Abu Daud kwamba Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume akamshinda. Kisha baada ya muda, alipokuwa ameshika mwili, wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akamtania kwa upole kuwa hii ni kwa ile. Mwanamke amenenepa, na mumewe hakumfedhehesha. Alikwenda naye mbio! Wako wapi waume wa leo wanaowacheka wake zao mbele ya wageni, ilhali wao wenyewe hawatembei hata mpaka pwani?

Kwa hivyo twaona jambo hili lafanana na fardhi kifaya. Tukilitupa juu ya shingo ya mgonjwa peke yake, sote tutaulizwa. Daktari humwambia apunguze wali na mafuta, naye hurudi katika nyumba ambayo chungu ni kimoja, na mtaa ambao kukataa sahani ni kutukana wenyeji. Atashindaje peke yake?

Hospitali tunazo, Kilifi na Malindi, na tangu Septemba 2023 serikali imewatoa wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 nchini, waliopewa mikoba yenye vipimo vya presha na vya sukari. Hao huja mpaka mlangoni. Asiwepo wa kuwafungia mlango kwa kusema, "Mimi sina ugonjwa," kwani presha haibishi hodi. Wala maradhi ya sukari tusiyasingizie jicho, tukayatibu kwa kombe. Mtume ameamrisha tutafute dawa. Na mgonjwa asikate tamaa: mwenye kilo 100 akipunguza 5 tu, hata 10, huanza kuona nafuu ya presha na sukari. Ama mwenye kutumia dawa za sukari, amwone daktari kabla ya Ramadhani haijaingia.

Matajiri wa maduka, na wenye ofisi na mahoteli, nao wana sehemu yao. Wachukuzi wa chumvi kule Gongoni na Marereni hawahitaji kuambiwa watembee. Anayehitaji ni karani wao. Mwenye kuajiri awape watu wake nafasi ya kusimama na kunyoosha miguu, chai iletwe na sukari kando, na mara moja kwa miezi kadhaa amwite mhudumu awapime.

Neno letu zito zaidi ni la karamu. Katika harusi na hitma zetu hupikwa biriani la kushindania majirani, wafiwa wakaingia deni, na wageni wakala mpaka hawawezi kuinuka. Hapo mamlaka ni yetu, si ya serikali. Na wanawake, ambao hesabu yao ndiyo kubwa, wapatiwe wakati na mahali pa stara pa kutembea baada ya Alasiri, ufuoni au katika viwanja vya madrasa. Madaktari hutaka dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano.

Katika darasa letu tumeafikiana kuwa baada ya kusoma, sahani ya halua iondoke, yabaki kahawa na matunda ya msimu. Wazee wawili walipinga kwa hoja nyingi, baadhi yake za kifikihi. Tumewaachia halua ya usiku wa Ijumaa, kipande kimoja kwa kila mtu.